Masufuria Yaliyotoka Msibani

Jumatatu, 8 Julai

Maji hayajatoka tangu Alhamisi. Nimenunua madumu kwa kijana wa mkokoteni, naye anajua hatuna pa kwenda, kwa hiyo anaringa. Gesi imeisha katikati ya chapati. Nikamalizia kwa mkaa, nusu nyeupe nusu nyeusi. Mafundi wa zile nyumba za mlimani wamekula hivyo hivyo na supu ya kongoro, wamemaliza, wamefuta midomo.

Mwalimu Hilda wa Tegeta kathibitisha. Sendofu ya binti yake, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, ni Jumamosi ya tarehe ishirini, na chakula chote napika mimi. Kazi yangu ya kwanza kubwa. Miaka mitatu nauza supu hapa barazani Madale huku nikiota siku nitakayopika shughuli ya watu. Masufuria ninayo, matano, yale ambayo mtoto anaweza kuoga ndani. Hoteli niliyokuwa napikia kule Kimara ilipofungwa, tajiri hakuwa na cha kutulipa, akasema kila mtu achukue chombo. Wenzangu walibeba runinga na viti. Mimi nilibeba masufuria, wakanicheka mpaka getini.

Mama Shabani na wanawake watatu wa mtaani watakuja kunisaidia kupika. Mama Shabani ndiye mkubwa wetu sisi wanawake. Bila yeye mtaa huu hauozeshi wala hauziki. Amekubali papo hapo, bila maringo. Nimefurahi hadi nimeogopa.

Jumatano, 10 Julai

Semina ya wanawake wajasiriamali. Madam Joyce, mkufunzi wetu, amekuja na gari lenye kiyoyozi kutuambia tusisubiri mazingira yawe mazuri. Nani kasubiri? Mazingira ndiyo yananisubiri mimi, kila siku alfajiri, mlangoni.

Lakini kuna neno moja limeniingia. Kasema biashara haina undugu. Kasema wanawake hatufilisiwi na mtaji mdogo, tunafilisiwa na aibu. Jirani anaazima, wifi anachukua, sisi tunacheka cheka. Ukumbi mzima tukaguna. Kila mmoja alikuwa na wifi wake kichwani.

Nimenunua mchele leo. Mbuzi nimeshaagiza. Fedha ya kianzio aliyonipa mwalimu imekwisha, lakini vitu vipo.

Jumapili, 14 Julai

Mzee Komba kafariki jana usiku. Mwalimu mstaafu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ndiye aliyemfundisha Eliza wangu kusoma, bure, kwenye ngazi ya nyumba yake. Nimelia kweli.

Saa mbili asubuhi Mama Shabani aliingia jikoni kwangu na vijana wanne. Hakuuliza. Aliyaonyesha masufuria kwa kidole, wakabeba. Mimi mwenyewe niliwashikia mlango. Ndivyo ilivyo, chombo kikubwa kilichopo mtaani ni cha msiba kikihitajika, hata kama mwenyewe amekinunua Ulaya. Na mimi nikifa leo yatachemsha maji ya kunioshea.

Wanasema watazika Jumanne. Jumatano tanga litaanuliwa. Muda upo.

Jumanne, 16 Julai

Hawajazika. Watoto wa kiume wanataka baba yao akazikwe Songea kwa mababu. Mama Komba anasema mume wake alinunua kiwanja hapa, alijenga hapa, atalala hapa. Wameketi ndani na wazee wa ukoo tangu asubuhi. Sisi tunapika. Mimi na Mama Shabani tumesonga ugali wa watu wasiohesabika, jasho linatiririka, tunataniana. Kwa saa kadhaa nilisahau sendofu kabisa. Kusema kweli nilikuwa na raha, nikaona aibu kuwa na raha msibani.

Usingizi hauji. Naona masufuria tu.

Alhamisi, 18 Julai

Bado hawajazika. Mtoto wa kwanza kasema wangojee baba mdogo atoke Songea. Basi limeharibika njiani. Kila jambo lina basi lake la kuharibika.

Nimezunguka Tegeta yote kutafuta pa kukodi. Mmoja vyombo vyake viko harusini. Wa pili hakodishi masufuria peke yake, lazima uchukue na turubai na viti, na fedha yenyewe sina. Nimempigia Mwalimu Hilda. Kadi zimeshagawiwa, wakwe wanatoka Moshi. Akaniuliza kwa upole kama naiweza kazi hii. Upole ule ulinichoma kuliko matusi.

Jioni nilimvuta Mama Shabani pembeni. Nikamweleza. Nikamwomba matatu tu, abaki na mawili. Akanitazama kama nimemwomba jeneza.

"Mama Eliza, chombo cha msiba hakidaiwi mpaka tanga lianuliwe. Wewe si mgeni hapa."

Nikasema nitapoteza kazi. Akasema kazi zipo, watu ndio hawapo tena wakishaondoka. Akarudi jikoni.

Nimefika nyumbani nimekuta ujumbe wa sauti wa Madam Joyce kwenye kundi letu la simu. Kicheko kingi, muziki nyuma. Dada zangu, msiombe ruhusa ya kufanikiwa. Nimeusikiliza mara mbili.

Mume wangu ni mlinzi kule Kigamboni, anarudi mwisho wa wiki tu. Nimempigia. Kasema fanya unavyoona. Nilitaka anikataze.

Ijumaa, 19 Julai

Nimekwenda kuyachukua.

Nilikwenda na mtu wa guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, asubuhi, wanawake wakiwa wamekaa wanamenya vitunguu. Manne yalikuwa matupu, yameoshwa, yamefunikwa chini. La tano lilikuwa motoni. Maharage. Yalikuwa yameanza kutokota. Ningeweza kuliacha lile. Sasa hivi naandika na najiuliza kwa nini sikuliacha. Manne yangetosha, ningejibana. Lakini nilikuwa nimeshaanza, na mtu akishaanza kuvua nguo hadharani hasimami kwenye kilemba.

Nikaomba mabeseni. Hakuna aliyeinuka. Nikayaleta mwenyewe, nikaipua sufuria mwenyewe, nikamimina maharage mabichi ya wafiwa kwenye mabeseni ya kufulia. Mengine yalimwagika kwenye majivu. Wanawake ishirini na zaidi, wala mmoja hakukohoa. Afadhali wangenitukana.

Mama Komba alikuwa amekaa kwenye godoro, mlango wazi, kanga kichwani. Aliona yote. Akasema, "Chukua, mwanangu, kafanye kazi yako." Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na lile guta.

Saa tisa taarifa imepita mtaani. Ukoo umekubaliana. Watazika hapa, kesho, saa nane. Yaani saa ile ile nitakayokuwa napakua pilau Tegeta.

Jumapili, 21 Julai

Mama Shabani na wenzake hawakuja, na sikuwatarajia. Nimepika mimi, Eliza na baba yake aliyefika jana alfajiri na sare ya ulinzi. Baba Eliza ameungua mkono wakati wa kuipua wali. Eliza amekata vitunguu mpaka macho yamevimba. Tulichelewa kidogo tu. Pilau lilichambuka punje punje. Nyama ya mbuzi ililainika. Wakwe wa Moshi walirudia sahani. Mshereheshaji aliniita mbele, watu wakanipigia makofi, mtu akanipiga picha nikiwa na aproni. Wanawake watatu wameomba namba yangu ya simu.

Ndicho nilichokuwa nakiota. Nilisimama pale natabasamu, na muda wote nilikuwa nafikiria kwamba wanamshusha Mzee Komba kaburini, na mimi nagawa vijiti vya kuchokonolea meno.

Sijawahi kufanikiwa vibaya namna hii.

Jumanne, 23 Julai

Nimepika supu kama kawaida. Hakuna aliyekuja.

Mafundi wamepita wakitazama mbele kama askari wa gwaride. Vijana wa bodaboda wamekunywa chai kwa muuza kahawa wa chini, yule ambaye wiki iliyopita walikuwa wanasema anachemshia soksi.

Jumatano, 24 Julai

Hakuna.

Alhamisi, 25 Julai

Hakuna. Tunakula kongoro asubuhi, mchana na jioni. Eliza kaniuliza kama tunaweza kula kitu kingine. Nimemfokea, halafu nikaenda chooni kulia.

Kesho sipiki.

Ijumaa, 26 Julai

Eliza karudi kutoka bombani na ndoo tupu. Alikuwa kwenye foleni, binti mmoja akamwita "mtoto wa Mama Ipua." Wote wakacheka. Akaondoka. Basi sasa nina jina. Mwanamke aliyeipua chakula cha msiba. Jina zuri, ningelisikia la mwingine ningecheka mpaka nikae chini. Watu wa hapa wanajua kuita.

Jumamosi, 27 Julai

Nimejikaza, nimekwenda kwa Mama Komba. Nilipiga magoti, nikampa shikamoo, nikamwomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa alichofanya. Alinishika kichwa akasema yameisha, na kwamba siku ile maharage yalipikwa kwenye vijisufuria vya majirani na watu walikula. Akaniuliza sendofu ilikwendaje. Akaniuliza kweli, anataka kujua! Nikasema ilikwenda vizuri. Nikajiona mchafu.

Nilidhani msamaha wa mfiwa utatosha. Nikatoka pale nikanyoosha hadi kwa Mama Shabani. Alikuwa anafua. Hakunikaribisha kigoda, hakuacha kufua.

"Sie hatujakununia," kasema. "Tumekuachia biashara yako, ufanye kwa nafasi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mama Komba amenisamehe aliyoyaona yeye. Lakini nilichokimwaga hakikuwa chake peke yake, na hao wengine sina mlango mmoja wa kupiga hodi.

Jumamosi, 3 Agosti

Madam Joyce aliona picha yangu ya aproni. Sijui nani kampelekea. Kanipigia jana akasema mimi ni mfano, nije semina nitoe ushuhuda. Nikakataa. Akasema wenzako wanahitaji kutiwa moyo. Nikaenda. Mimi na kutokukataa kwangu, kwa watu nisiopaswa kuwakubalia.

Nilishika kipaza sauti. Nilikusudia kusema yale wanayosema wote, nilianza na kidogo, nilimtanguliza Mungu, sikukata tamaa. Nikawaona wamekaa wananisubiri, daftari mapajani, mmoja ananyonyesha. Nikashindwa. Nikawaambia, "Mie nilifanya kazi moja kubwa na sina biashara tena. Niliwaacha majirani zangu msibani. Watu waliokuwa wananisaidia kupika ndio hao hao waliokuwa wananinunulia. Fanyeni biashara, lakini msinisikilize mimi."

Madam Joyce akachukua kipaza sauti akasema hizo ni changamoto tu, tumpigie makofi ya kumtia moyo. Wakapiga. Yalikuwa makofi ya mtu aliyeanguka jukwaani.

Nje, yule mwenye mtoto kanifuata. Akaniuliza, kama ningeacha masufuria, Mwalimu Hilda angenifanyaje? Nikasema angetafuta mwingine na angenisema vibaya Tegeta nzima, na ile fedha ya kianzio ningeirudisha kwa miaka. Akasema, kwa hiyo ungeumia kote kote. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akampandisha mtoto mgongoni. Ndiyo maongezi ya maana pekee niliyoyapata kwenye semina zote zile.

Ijumaa, 9 Agosti

Mmoja wa wale wanawake watatu walioomba namba yangu amepiga. Ndoa ya mdogo wake, kule Wazo, mwezi ujao, watu wengi kuliko wa Mwalimu Hilda. Nikamwambia nitampigia baadaye. Mkono wa Baba Eliza bado una kidonda. Eliza ana mitihani. Wasichana wa kukodi niliwahi kuwaona kule hotelini, nyama inaingia sufuriani kilo kumi inatoka saba. Kazi hii inataka watu ambao ukigeuka huna haja ya kutazama nyuma. Nilikuwa nao wanne.

Nimempigia nikamwambia sitaweza. Akasema basi, asante. Hakubembeleza. Kwa nini abembeleze?

Baba Eliza anasema tuhame, twende Kigamboni, huko hawanijui. Nikamwuliza huko hawafi? Anasema pia niuze masufuria. Hilo nimelikubali, lakini hakuna anayeyataka kwa bei ya maana.

Jumatano, 14 Agosti

Bibi yake Rajabu, yule fundi baiskeli wa kona, kafariki alfajiri. Waislamu hawacheleweshi, kazikwa leo alasiri.

Sikungoja kuitwa maana nisingeitwa. Niliita guta, nikapakia masufuria yote matano na mifuniko yake, nikayapeleka mwenyewe mpaka uani kwa Rajabu. Nikasalimia. Waliitikia. Salamu hawanyimi, wamelelewa vizuri. Nikasema vyombo hivi hapa, vitumieni mpaka mtakapomaliza. Mama Shabani kasema, "Haya, viweke hapo ukutani."

Nikaviweka. Wakawasha mafiga kumi na kitu na kupika wali kwenye vijisufuria vya nyumbani, vile vyeusi vya mikono iliyolegea. Kimoja baada ya kingine. Kazi ya saa mbili wameifanya nusu siku, moshi umewatoa machozi, mmoja kaungua. Masufuria yangu yalikaa ukutani yamefunikwa mpaka jua lilipohamia juu yake. Kuku wakapanda.

Nilikaa mwisho wa mkeka. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyenipa kisu.

Jioni yule wa guta akanirudishia vyombo. Kanisaidia kushusha, akageuza guta papo hapo akaondoka. Na yeye anaishi hapa.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimepata kazi ya kupika kwenye shule moja ya binafsi, Tegeta. Jiko la mwenye shule, sufuria za mwenye shule, unga wa mwenye shule. Naanza Jumatatu. Nimeng'oa kibao cha supu barazani. Misumari imetoka na vipande vya plasta.

Sijisikii vibaya wala vizuri. Nimechoka.

Ijumaa, 16 Agosti

Leo ni hitima ya bibi yake Rajabu. Nimekwenda mikono mitupu.

Kulikuwa na rundo la sahani, na penye sahani chafu hakuna anayemkataza mtu. Nikajaza beseni maji nikakaa nalo karibu na ukuta. Nimeosha tangu dua ilipoisha. Jua lilikuwa kali, lilinipiga utosini, na sikusogea kwa sababu kila penye kivuli palikuwa na mtu, na sikutaka mtu ainuke kwa ajili yangu au, vibaya zaidi, asiinuke.

Mama Shabani alipita na mzigo mwingine wa sahani. Akaziweka pembeni yangu. Akasimama.

"Sogea kivulini, Mama Eliza, utaumwa kichwa."

Akaenda zake kwa wenzake. Hakurudi, na mpaka naondoka hakunisemesha tena.

Nilichukua beseni, nikasogea. Mwanamke aliyekuwa pale alivuta miguu yake kidogo. Nikaosha zilizobaki.